Achieng' wa Udongo wa Kosele

Nicheke mimi kwanza, kisha mnifuate.

Kazi yangu ni kupima udongo wa Kosele kwa hadubini na kutambua spishi za mwani mdogo sana uliogeuka visukuku zamani. Siku hiyo maji safi ya maabara yaliisha. Kungoja sikuweza, nikachota ya ziwa nikachanganyia udongo. Mara nikaona chembe yenye umbo la mtumbwi ambayo haikuwa kwenye vitabu vyetu vya visukuku. Ndani ilikuwa ya kahawia, nikasema ni uchafu tu.

Spishi mpya! Kwetu jina la marehemu hupewa anayezaliwa, basi nikaiita Achieng', jina la nyanya yangu. Nikampigia mama simu aje ashuhudie, nikamwita na mkuu wangu, Daktari Akinyi, mtu asiyesamehe kazi ya haraka.

Mama alifika kutoka Uriri akiwa na nguo za kanisa. Daktari alikunja mikono. Niliwasha skrini.

"Huyu ndiye Achieng'," nikasema. "Amelala udongoni tangu kabla ya watu."

Mama akaanza kulia. Ghafla akanyamaza, macho kwenye skrini. Nikageuka. Achieng' alikuwa anateleza polepole kuelekea ukingoni, kama mtu aliyesahau kitu sokoni.

"Umetumia maji gani?" Daktari akauliza kwa sauti ya chini.

Nikaitazama ndoo ya maji ya ziwa. Mama akanishika mkono.

"Nyathina, mwanangu," akanong'ona, "si ulisema amekufa?"