Kidoti Kilichowahi Shule

Nilimzaa mwanangu nikiwa kidato cha pili, na kidato kikaishia hapo hapo. Mama yangu alimpokea na kumlea kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Mtoto alipoanza kuongea akamwita mama yangu Mayu, kama watoto wa Kisukuma wanavyowaita mama zao. Mimi akaniita Dada. Hakuna aliyemfundisha. Aliwasikia wadogo zangu wakiniita hivyo, naye akapanga foleni nyuma yao.

Sikuumia sana, au nilijiambia siumii. Mimi ni mtu wa kuota mchana. Niliondoka kwenda Geita na ndoto yangu ikiwa imeshakamilika kichwani: cherehani mbili, chumba cha duka pale Ngokolo mjini Shinyanga, mlango wa rangi ya bluu, na mtoto akitoka shule anakuja kukaa kwangu miguuni kwenye vitambaa. Jina lingejirekebisha lenyewe.

Geita napika. Kibanda changu kiko karibu na makarasha, zile mashine za kuponda mawe ya dhahabu, na kuanzia asubuhi mpaka jioni zinanguruma hadi sufuria zinacheza mafigani. Nakaanga chapati, nachemsha maharage, na vumbi linakula nasi. Wateja wananiita Mama Chapati. "Mama Chapati, leo umeweka mapenzi au umeweka mafuta?" Nacheka nao kutwa nzima. Jioni wanaondoka kwa makundi, mimi nafagia, nazima jiko, naenda chumbani, na hapo unagundua kwamba watu mia wanaweza kula chakula chako na usiwe na hata mmoja wa kumwambia kichwa kinakuuma.

Siku moja mezani pangu walizungumzia mtoto wa kike wa mtaa wa pili aliyepandishwa bodaboda na mtu asiyejulikana. Alipatikana salama, lakini mimi nilishaunguza chapati tatu. Wangu alikuwa na miaka tisa, na shule yao iko mbali, njia ina mashamba ya pamba huku na huku. Dereva mmoja wa lori la mawe akaniambia, "Mama Chapati, unateseka na nini? Mimi wanangu wote nawaona hapa." Akanionyesha simu yake: ramani, na juu ya ramani vidoti viwili. Akaniwekea programu hiyo kwenye simu yangu, na nyingine kwenye simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo. Ile ya zamani nikaipeleka kijijini mwenyewe. Nikamwambia mama yangu jambo moja tu, nikalirudia kama mlevi.

"Mama, hii simu isizimike. Hata siku moja. Ikizimika, mimi huku nakufa."

"Haitazimika," akasema mama. Na mama akisema, amesema.

Basi nikaanza kuishi na kidoti. Alfajiri nikikanda unga kilikuwa nyumbani. Jua likipanda kinaondoka, kinafuata njia, kinasimama shuleni. Jioni kinarudi. Nilikuwa nakisemesha. "Haya mama, umefika? Soma." Siku nyingine kilikwenda mbio mpaka nikamwita dereva wa lori aje aone. "Tazama mwanangu anavyokimbia! Huyu atakuja kushinda mbio za dunia."

"Huyo si mtoto," akasema dereva, "huyo ni swala."

Programu ilionyesha pia kama mtoto amefungua mambo mabaya mtandaoni. Hakuwa amefungua kitu chochote, si kibaya wala kizuri. Nikasema, mtoto wangu ametulia. Hata Jumamosi alikwenda shule! Nikajua ni masomo ya ziada, nikajisifu wiki nzima.

Kabla ya kidoti nilikuwa napiga simu ya mama kila Ijumaa, tunaongea na mtoto, mara nyingi maneno yale yale: umekula, umeoga, nani amekupiga. Baada ya kidoti nikaacha polepole. Sikuamua kuacha. Kupiga ni kwa mtu usiyejua alipo, na mimi wangu nilikuwa namwona.

Shule zikafungwa mwezi wa sita. Jumatatu ya kwanza ya likizo nikamimina uji, nikachungulia simu. Kidoti kinaelekea shule. Kikafika, kikatulia. Nikangoja. Wateja wakala, wakaondoka, kidoti hakijasogea. Shule imefungwa, walimu wameondoka, madarasa yamefungwa kwa kufuli, na mwanangu yuko mle ndani na nani? Nikapiga.

Akapokea mwanaume.

"Wewe ni nani?" nikapiga kelele. "Mwanangu yuko wapi?"

"Mwanao yupi, dada? Hapa nina simu ishirini na redio mbili."

"Mwenye simu hiyo!"

"Ahaa. Hii ya kule kwa bibi. Ipo kwenye chaji, haijajaa. Piga jioni, nitakuwa nimeirudisha."

Nikakaa chini kwenye ndoo. Nikamuuliza taratibu, naye akanieleza taratibu, maana alikuwa mtu mwema. Umeme umepita barabarani, kwetu ndani haujafika. Yeye ana kibanda cha kuchaji simu kinachotazamana na geti la shule. Asubuhi anapita na baiskeli nyumba kwa nyumba anakusanya simu za watu, jioni anazirudisha. Simu yangu betri yake ni mbovu, kwa hiyo anaichukua kila siku, bila kukosa, tangu nilipoileta. Mama yangu alimwambia isizimike.

"Na shuleni hawaruhusu simu, dada. Kwani hukujua?"

Nilijua. Nilisoma hapo hapo. Sijui nilifikiri mwanangu angeificha wapi.

"Basi nitapiga simu ya mama yangu."

"Na yenyewe ninayo hapa."

Ndiyo kusema miezi yote ile nilikuwa nampenda mwendesha baiskeli. Nilimwambia soma. Nilijisifia mbio zake. Na kuhusu mtoto mwenyewe sikujua lolote: kama anakwenda shule, kama anaumwa, kama yupo. Nilimwachia mwenzangu wa kibanda cha jirani sufuria zote, nikapanda gari la Kahama. Njia nzima nilishika ile simu lakini sikuifungua. Pale Nyahanga, tukiingia Kahama, abiria mmoja akaniuliza kama nimefiwa, nikamwambia sijui.

Nilifika jua likiwa limelala upande. Nyumbani kimya, mlango umerudishiwa. Nikazunguka nyuma, nikatelemka shambani nikiita, na wa kwanza kunijibu alikuwa mama yangu, ameinama kwenye pamba. Nyuma yake akainuka mtoto. Amerefuka. Kanga imefungwa shingoni kama mfuko, imejaa pamba, na nyuzi za pamba zimemwingia kwenye nywele. Alipiga goti kidogo, kama mtu anavyompigia mgeni.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba," nikasema, nikamkumbatia na pamba yake yote, nikalia. Akasimama wima mikononi mwangu, hajui aweke wapi mikono.

"Nani kafa?" mama akauliza.

"Hakuna."

"Sasa unalia nini? Simu imezimika?"

Jioni tulikaa nje tunamenya karanga. Nilikuwa namtazama mtoto vidole vyake, jino lililotoka, kovu gotini nisilolijua. Nikamuuliza kovu ni la nini. Akasema alianguka mtini, zamani. Akamaanisha mwezi wa nne.

"Mbona hukuniambia? Wala hukuniambia kwamba hutembei na simu."

"Hukuuliza." Alisema bila ubaya, anamenya tu. "Zamani ulikuwa unapiga Ijumaa. Ulipoleta simu ndiyo ukaacha. Mayu akasema unatuona."

Mama yangu akatazama karanga zake. Mimi nikatazama zangu.

Kengele ya baiskeli ikalia uani. Mwenye chaji akaingia na mfuko wake wa simu, akanitambua kwa sauti nilipomsalimia. Akachomoa simu yangu ya zamani, akanikabidhi mimi kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa. "Dada, pokea mwanao. Nimemleta mzima, na amejaa asilimia mia." Tulicheka wote, mpaka mama. Mtoto alicheka kwa sababu sisi tunacheka, halafu akaniuliza nawaonaje kwenye simu. Nikamwonyesha ramani. Akaona simu yangu na yake ni vidoti viwili vilivyopandana.

"Na mimi naweza kukuona wewe?"

"Ukitaka."

Alitaka. Nikaipanga hivyo, kesho yake nikarudi Geita.

Simu ile sasa inakaa nyumbani, kwenye msumari karibu na mlango, ikitoka kwenye chaji. Ijumaa napiga. Jumapili iliyopita alipiga yeye, mara ya kwanza, kwa salio sijui la nani. Mimi nilikuwa chumbani nimelala chali nahesabu mabati.

"Shikamoo Dada. Mbona huendi popote?"

"Popote wapi?"

"Kidoti chako. Kiko kibandani, halafu kiko hapo, halafu kibandani, halafu hapo. Siku zote. Kwani huko huna watu?"

Nilitaka kumfanyia utani, ukakataa kuja.

"Sina wengi," nikasema.

Nikasikia kuku, na mama yangu akiuliza kitu kwa mbali, na mtoto akimwambia ngoja. "Toka basi. Toka nione."

Nikavaa viatu. Nikafunga mlango, nikasimama njiani, vumbi la makarasha limetulia kwa sababu ni Jumapili, na sikujua pa kwenda.

"Niende huku au kule?" nikamuuliza.

"Ngoja." Alikuwa anasoma ramani, nilimsikia akipumua. "Kata kushoto. Mbele hapo pameandikwa kanisa. Kuna watu hapo. Nenda, mimi nakuangalia."