Jirani Asiyetazama Watoto

Nilipoolewa nilihama Tanga mjini nikaja kuishi karibu na Lukozi, nikapata kazi ya kufundisha shule ya msingi huko huko. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alikuwa akimpaka masizi kwenye paji la uso kila asubuhi, ili anayemwona aone doa kabla ya kuona uzuri. Mama yangu mzazi naye alituma mvuje kutoka Tanga, umefungwa kwenye kitambaa cheusi. Nikamfunga mtoto mkononi. Ulinuka vibaya, lakini sikubishana na mzee yeyote. Mtoto alikuwa mnene, na mgeni akimsifu bila kusema mashallah, bibi yake alikuwa anakohoa mpaka aseme.

Aliyeogopwa zaidi alikuwa jirani wa shamba la chini yetu, mjane wa makamo asiye na mtoto. Walisema ana jicho, kwamba akikisifu kitu hakidumu. Mwenyewe hakukana. Akipanda kuja kwetu, alianza kupiga hodi akiwa bado kwenye migomba, kwa sauti kubwa, ili mwenye mtoto apate nafasi ya kumfunika. Akifika, alizungumza nasi huku ameelekeza uso milima ya ng'ambo. Mwanzoni nilidhani ana maringo.

Siku moja ya masika, mama mkwe aliteleza akivuna kabichi kwenye mteremko, akavunjika mguu. Mume wangu alikuwa safarini. Jirani ndiye aliyesikia kelele zetu. Tulimbeba sisi wawili mpaka barabarani, mtoto akiwa mgongoni kwangu. Dereva wa bodaboda alikubali kumpeleka hospitali Lushoto, ila alitaka mtu akae nyuma amshikilie mgonjwa. Kwa mvua ile, na utelezi ule, mtoto hakuwa na nafasi.

Nilimwangalia mama mkwe. Alifumba macho.

"Nifungie mgongoni, mwalimu," jirani akasema. "Huko sitamwona."

Alinipa mgongo, akainama. Nikamfunga mtoto kwa khanga yangu, tukaondoka.

Sitasema sikuwa na hofu. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo kwenye kona, nilimwona mwanangu akichemka homa. Mama mkwe alifungwa hogo mguuni, akalazwa, na mimi nikarudi alasiri mvua ikiwa imekatika.

Niliwakuta kwenye kibaraza chetu. Mtoto alikuwa amekaa mapajani mwake, amempa mgongo, na jirani alikuwa anamlisha uji kwa kupapasa, uso wake mwenyewe ameugeuzia ukutani. Uji ulikuwa masikioni, shingoni, hata kwenye nywele. Mtoto alikuwa anacheka na kuukamata mkono wa kijiko.

Nikaketi kando yake. "Mama, unaamini kweli kwamba una jicho?"

Alikiweka kijiko kando. "Nilipokuwa mwari, nilimsifia dada yangu mtoto wake. Nilisema ana nywele nzuri, basi. Wiki haikwisha, mtoto akafariki. Labda alikuwa na malaria, watoto walikufa sana wakati ule. Sijui. Lakini nikikosea, mwanangu, anayeumia si mimi."

"Na dada yako?"

"Hajanisemesha mpaka leo."

Nikamchukua mtoto, nikamfuta uso, nikamgeuza wakaangaliana. Jirani alitazama chini mara moja. Halafu akainua macho polepole, akamtazama kwa muda mrefu, midomo imebana kama mtu anayezuia kikohozi.

"Kabaya haka," akasema kwa sauti ndogo. "Kabaya kabisa."

"Kabaya sana," nikamjibu.

Mama mkwe aliporudi na magongo, nilimweleza yote. Hakusema amekosea, wala sikutegemea aseme. Siku chache baadaye tulisikia hodi kutoka migombani. Mtoto alikuwa anatambaa uani, nami sikumfunika. Mama mkwe aliniangalia, kisha akaita kwa Kishambaa kwamba apite, maharage ya kupukuchua ni mengi na yeye hawezi kuinuka.

Jirani aliketi mbali, penye moshi wa jiko, macho yakimtoka machozi.

"Sogea huku," mama mkwe akamwambia. "Huko utaumia bure."

Jirani akasogeza kigoda chake, wakaendelea kupukuchua.