Kovu la Baba

Nani Moshi hii hajui aproni zangu za picha? Darasa la saba sikumaliza, na mashine zote ni zangu. Juzi dukani kwangu, mtaa wa Njoro, binti yangu alisahau kugeuza picha kabla ya kuichapa, ikatoka kinyume, kushoto kulia. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa.

Nilinusa tena pasi ya mkaa ya utotoni, jikoni kwetu Kilema. Baba alikuwa amepotea, na bibi, mama yake, alikuwa mahututi, akiomba kumwona. Tulibaki na fotokopi moja ya sura ya baba, imechakaa. Mama aliilaza kifudifudi juu ya kitambaa kipya cha kufunikia chakula, zawadi ya kumpa bibi ili amwone mwanawe, akakandamiza pasi.

Sura ikatoka.

“Mama, huyu siyo baba! Kovu liko shavu lingine!”

Niliamini mgeni ameiba uso wake.

“Nyamaza, bibi asikusikie.”

Akairudisha pasi, akasugua na kusugua kama anayemtafuta mumewe humo ndani, mpaka karatasi na kitambaa vikaungua.

“Mama Aloyce, tayari?” bibi alimwita mama kutoka chumbani.



Leo nachapa nyuso za mji mzima. Wa baba sina.