Mzee wa Ndani ya Lewiathani

Saa tatu asubuhi, nje kidogo ya Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, Zapryan Kolarov ameketi juu ya kreti la bia huku mkewe, Radka, akimkaza kamba za mgongoni. Kuanzia kiunoni kushuka ni mwanamume wa miaka sitini na moja aliyevaa soksi za sufu. Kupanda juu ni Lewiathani, joka la baharini la kwenye Biblia, lililoundwa kwa mpira na sponji.

“Usipumue,” anasema Radka.

“Sijapumua tangu mwaka wa tisini na nane.”

Bai Zapryan, kama wote wanavyomwita hapa kwa heshima, alikuwa mwanamieleka. Magoti yalipomkatalia, akaingia kwenye filamu za televisheni za bei ya chee. Amekwisha kuwa madude kumi na tisa. Mwandishi wa makala haya ameyaona manne, na cha maana humo ni jasho la mzee huyu tu.

Vazi la leo lina kilo thelathini na moja likiwa kavu. Malipo ni leva 160, kama euro themanini, kwa siku, na supu.

Katika filamu zote hizo, uso wake haujaonekana hata mara moja. Halikumsumbua hilo mpaka alipofariki jirani yao, na wanawe wakabandika tangazo la msiba mlangoni kama ilivyo desturi: picha juu, jina chini. Radka akaenda kupekua kabati lao.

“Nimekuta picha za madude tu,” anasema. “Nikamuuliza, we mzee, ukifa nibandike nini mlangoni? Mkia?”

Zapryan alicheka. Siku ya tatu alimwomba mwongozaji sekunde chache bila kichwa cha mpira. Akaahidiwa nafasi ya mvuvi anayemezwa na Lewiathani.

“Yaani nitajila mwenyewe,” anasema. “Poa tu, bora nionekane.”

Tukio hilo limeahirishwa mara mbili. Leo ni siku ya mwisho ya kupiga picha, na bwawa linalotumika kama bahari limekodiwa hadi saa kumi jioni.

Lewiathani anazamishwa mara kumi na moja. Mara ya nane pampu inagoma, na kila mtu anamlaumu mwenzake. Inapofika saa tisa na dakika arobaini ndipo Zapryan anavuliwa vazi, macho mekundu, mashavu yamevimba. Binti wa vipodozi anakimbia na poda.

“Hakuna muda!” mwongozaji anafoka. “Aingie hivyo hivyo!”

Zapryan anapanda mtumbwi, anatazama juu, anafungua mdomo. Sekunde nne, basi.

Radka anaitazama picha iliyosimamishwa kwenye kioo cha kamera. Anaitazama sana.

“Umechoka, mume wangu.”

“Ndiye mimi huyo. Waichapishe.”

Jumatatu anaanza filamu nyingine. Safari hii ni pepo wa jangwani. Picha wataiweka wapi? Zapryan anamtazama mkewe.

“Kabatini, chini kabisa,” anasema Radka, akikamua soksi za mumewe. “Kule ambako sitaki kupekua.”