Aliyemjibia Marambili

Kila Jumapili, saa saba na nusu mchana, Kasuku hufunga mlango wake, akatia ufunguo kwenye pochi na kushika njia bila kumuaga mtu. Majirani macho wanayo na midomo wanayo, basi wamekwisha kumpa bwana. Wengine wamempa bwana mwenye gari, wengine mume wa mtu. Mimi nawaacha waseme, mdomo ni jumba la maneno. Lakini laiti angekuwa na bwana! Bwana humwacha mtu, akalia siku tatu, akapona. Anakokwenda Kasuku hakuachiki.

Kasuku si jina lake. Alibandikwa utotoni, kwa sababu hakuna sauti aliyoisikia mara moja akashindwa kuitoa. Alishawahi kumwigiza mwalimu mkuu mpaka mlinzi akafungua geti na kusimama wima. Ukubwani ndiyo ikawa kazi. Filamu za nje zinapotolewa kwenye diski ili watu wakazitazame nyumbani, kuna watu wanaozitia maneno ya Kiswahili, na kwa upande wa wanawake hakuna anayetafutwa kama yeye. Bibi mkorofi, askari wa kike, mtoto mchanga, mbuzi, wote yeye. Kuna filamu moja alijitukana, akajijibu, akajizaba kibao, kisha akajililia msibani. Ukimuuliza anafanya kazi gani, atakwambia, "Nabishana na nafsi yangu."

Studio yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro. Feni ipo lakini haiwashwi, maana inavuma, kwa hiyo mtu akikaa humo robo saa anatoka kama aliyenyeshewa. Mwenye studio anaitwa Fundi. Ana kompyuta moja, maikrofoni aliyoivisha soksi, na adui mmoja tu duniani, randa ya umeme ya seremala. Mashine ile ikianza kulia, trei za mayai hazifui dafu. Ndiyo maana hurekodi saa moja tu kwa siku, saa saba hadi saa nane, seremala na watu wake wanapokwenda kula. Ikigonga nane, randa imerudi, na aliyekuwa hajamaliza kufa kwenye filamu atakufa kesho.

Kasuku alikuwa na mwiko mmoja katika kazi yake. Sauti aliazima kwa watu anaowajua, muuza duka, shangazi yake, nesi wa zahanati, lakini hakuazima nzima. Alichukua kichwa cha huyu akakishona kwenye mkia wa yule. "Sauti nzima ya mtu ni kama nguo yake ya ndani," alikuwa akisema, "haiazimwi." Fundi akicheka mpaka akohoe.

Basi ikaja filamu iliyoitwa Deski la Nyuma. Ilikuwa ya kutisha, ila si zile za mazimwi ya kurukaruka. Msichana wa shule ya bweni anaonewa na wenzake. Wanamcheka, wanamwagia maji kitandani, siku moja wanamfungia stoo, wanamsahau, anafia humo. Baada ya hapo kila asubuhi mwalimu anapoita majina, deski lake tupu linaitika. Hakuna anayeokoka kwenye filamu ile, na mpaka majina ya waigizaji yanapanda hakuna hata mmoja aliyesema samahani. Kumbi za sinema zilikuwa zimeikataa, eti inahuzunisha kuliko kutisha, ndipo ikashushwa moja kwa moja kwenye diski za nyumbani.

Waliifanya siku nne. Yule msichana Kasuku alimshonea sauti nzuri, pumzi ya binamu yake na wembamba wa binti wa jirani. Siku ya mwisho ikabaki sehemu moja, ile ya majina kuitwa, na saa ya ukutani inasema nane kasoro dakika mbili. Nje watu wa seremala walishasikika wakirudi, wamevimbiwa, wanacheka.

"Kasuku, neno moja tu, twende!" Fundi akasema.

Kwenye kioo mwalimu akaita jina. Kamera ikaligeukia deski tupu. Kasuku akafungua kinywa, na kwa haraka ile hakuwa na muda wa kushona.

"Ni... nipo."

Neno lilikwama, pumzi ndogo ikavutwa, ndipo likatoka lote, jembamba, kama linaomba radhi. Kasuku mwenyewe nywele zilimsimama. Fundi alikuwa ameruka kitini.

"Hiyo! Hiyo hiyo!"

"Futa, kaka. Nirudie."

"Nifute nini?"

"Siyo sauti yake. Hailingani na ya mwanzo."

"Afadhali! Si amekufa? Sauti ya maiti ilingane vipi na ya mzima?"

Kabla hajajibu, randa ikaanza kulia. Fundi akamwonyesha ukuta, akamwonyesha saa, akanyanyua kidole gumba. Ikapita hivyo. Kwenye kasha la diski wakaandika: Sauti, Kasuku, na chini yake namba ya simu ya studio.

Chema chajiuza, na kibaya kikipata bahati nacho kinajiuza. Haikupita wiki tatu, filamu imeingia kila nyumba. Kasuku akipita kwa kinyozi anaisikia, akipita chini ya madirisha anaisikia. Akaanza kuzunguka njia za nyuma kama mdaiwa. Jioni moja alikuwa anaosha vyombo, akamwita binti yake, "We mtoto, uko wapi?"

Chumbani kukajibu, "Ni... nipo."

Sahani ilimponyoka. Binti alitoka anacheka, akamkuta mama yake amekaa sakafuni katikati ya vigae.

"Mama! Si sauti yako mwenyewe? Shuleni wote tunaifanya. Kuna mmoja tunamwita Deski, maana na yeye anakwama akisema."

Kasuku aliutaka mkono umpige, mkono ukakataa. Angempiga kwa haki gani? Jioni hiyo hiyo alimketisha binti yake akamwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu, na mimi nakwambieni kama alivyosema.

Alikuwa na miaka kumi na minne, bwenini. Kitanda cha pili kutoka dirishani alilala msichana mpole, mwenye kigugumizi kidogo. Kasuku ndiye aliyempa jina, Marambili, kwa kuwa neno alilianza mara mbili. Asubuhi majina yakiitwa, Marambili alihitaji muda kuitika, na kabla hajalitoa, Kasuku anamjibia kutoka nyuma kwa sauti ile ile: "Ni... nipo." Darasa hoi. Hakuwa na chuki naye hata chembe, na hilo ndilo linalomla mpaka leo. Alitaka kupendwa tu. Mwishowe Marambili akaacha kuitika. Kisha akaacha kusema kabisa. Nusu muhula Kasuku akawa anamjibia, na mwalimu, macho kwenye daftari, anatia alama ya vema.

Halafu Marambili akarudishwa kwao, anaumwa. Jumatatu moja mwalimu akakosea kwa mazoea, akaita jina lake. Kasuku naye kwa mazoea akajibu, "Ni... nipo." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alifunga daftari. "Nimesahau," akasema. "Mwenzenu amefariki juzi. Ndiyo nilikuwa nakuja kuwaambia."

Miaka ishirini na sita sauti ile haikutoka tena kinywani mwake, mpaka saa nane kasoro dakika mbili siku ile.

Binti alilia, na kesho yake akaenda kukaa dawati moja na yule wanayemwita Deski. Kasuku akapumua kidogo, akadhani yamekwisha. Yamekwisha wapi! Wiki iliyofuata, saa nane kasoro robo, walipomaliza kurekodi mapema, Fundi alipokea simu, akamwambia, "Kuna mama anakuja kukuona. Mshabiki huyo. Mimi naenda kula." Akatoka.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, kitambaa kichwani, mfuko wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko mna kasha la diski.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Kasuku?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

Mama hakukaa. Alizitazama trei za mayai, akaitazama maikrofoni na soksi yake. "Jumamosi nilikuwa nakunja nguo," akasema. "Watoto wa jirani wamewasha hii. Nikamsikia mwanangu ukutani. Nikasema nimeanza kuwehuka. Nikaenda kuwaomba wairudishe nyuma. Wakairudisha. Ni yeye."

Kasuku alijua sasa kila kitu kipo mikononi mwake. Akinyamaza, mama huyu ataondoka na baraka zake. Akisema, hajui ataondoka na nini.

"Nilibuni tu, mama," akajibu. "Sauti hufanana."

"Sauti za watu hufanana. Ile haifanani na mtu." Mama akaketi. "Picha yake ninayo. Nguo zake ninazo. Sauti sina. Zamani hizo nani alikuwa na kinasa sauti nyumbani? Sikuja kugombana, mwanangu. Nimekuja kuomba. Niite mara moja tu."

"Nikuite?"

"Useme 'mama.'"

Huyo Kasuku aliyewahi kuwa mbuzi, askari na mtoto mchanga kwa siku moja, alishika ukingo wa meza. Akafumba macho. "Ma... mama."

Yule mama aliinamisha kichwa kama anayeoshwa nywele. "Tena."

"Ma... mama."

"Tena." Mara ya tano akainua uso, umeloa wote, anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomshinda Kasuku. Kutukanwa angevumilia. Kushukuriwa hakuweza.

"Mama, mimi nilisoma naye," akaanza, na hapo hapo ukutani randa ikalia.

"Unasema?"

"Nilisoma naye!"

"Sikusikii, mwanangu!"

Ikabidi asimame apige kelele, yeye ambaye ukali na upole wote aliufanya kwa kunong'ona kwenye soksi. "Mimi ndiye niliyekuwa namcheka! Ndiye niliyekuwa namjibia!" Yule mama akaweka kiganja sikioni. Kasuku akarudia yote tena, neno kwa neno, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanaingia kinywani.

Safari hii alisikia. Alingoja ubao ukwishe na randa inyamaze kungoja mwingine.

"Aliniambia," mama akasema polepole. "Likizo ile ya mwisho. Aliniambia, 'Mama, kuna msichana ananijibia.' Unajua nilimwambiaje? Nilicheka. Nikamwambia, mshukuru, anakusaidia." Akafuta uso na ncha ya kitambaa. "Hakuniambia jambo lingine tena. Kifua kilimuuma wiki mbili huko bwenini, hakumwambia mtu. Walipomleta, daktari akaniuliza, mbona huyu hakusema mapema? Nimekaa na swali hilo peke yangu miaka yote hii. Kumbe tuko wawili."

"Nisamehe, mama."

"Msamaha aombwe mwenyewe, na mwenyewe hayupo." Aliinuka, akaliacha kasha mezani. "Ila ulichochukua utarudisha. Jumapili saa nane nipo nyumbani. Uje peke yako."

Akamwandikia njia nyuma ya kasha lile lile, akaondoka. Fundi aliporudi alimkuta Kasuku amekaa anatazama ukuta. "Mshabiki amesemaje?" akauliza. Tangu siku hiyo Kasuku hatii sauti ya mtoto kwenye filamu yoyote, wamtafute mwingine.

Kwa hiyo enyi mnaomgawia mabwana, anakokwenda ni huko. Ni ghorofa ya pili, mlango wa kijani uliobambuka rangi. Mwaka wa tatu sasa. Siku ya kwanza alidhani atatukanwa. Siku ya pili alidhani ataambiwa basi, imetosha. Hakuna aliyemwambia imetosha, na yeye hajauliza. Hupanda ngazi, akasimama mpaka pumzi itulie, akabisha hodi.

"Nani?" mama huuliza kutoka ndani.

"Ni... ni mimi, mama."

"Pita, mwanangu."

Anaingia. Kitanda chembamba kimetandikwa, na yule mama amekaa pembeni yake, mikono mapajani. Kasuku anajilaza na viatu amevua. Mama anaweka kiganja kwenye paji la uso wake, kisha anauliza, kama alivyouliza Jumapili iliyopita na iliyotangulia hiyo.

"Leo unaumwa wapi? Sema tu taratibu. Sina haraka."

Na Kasuku anaanza, anakwama, anavuta pumzi. Yule mama anangoja, hamalizii neno lake.

"Ki... kifua, mama. Kifua kinaniuma."