Ukingo wa Pama ya Mzee Augustino

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na Jumamosi ile Fikirini fundi kofia alifungua baraza yake ya Mtaa wa Mchikichi kwa mazoea tu. Hakutarajia mteja. Hajakaa sawasawa kwenye kigoda akamwona mwanamke anakuja mbio, kanga kichwani, kakumbatia kapu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, baba. Wewe ndiye fundi wa pama?"

"Marahaba. Ingia ndani kwanza, unalowa."

Mwanamke aliitwa Klara, mkazi wa Gerezani, si mbali. Alifunua kapu akatoa pama ya kijivu, ile ya sufu nzito iliyoshindiliwa, yenye ukingo mpana wa vidole vinne. Fikirini hakuhitaji kuuliza. Harufu ya sufu iliyoungua ilimfikia kabla ya kofia yenyewe.

"Ya baba mkwe, Mzee Augustino," Klara alisema, sauti inamkatika. "Kaja jana na basi kutoka Songea, kofia imekandamizwa na mizigo, ukingo umejikunja. Leo saa nane anamwozesha Stella, kitindamimba wake. Nikasema niamke mapema niinyooshe, nimfurahishe. Nikaweka pasi ya umeme kavukavu, bila kitambaa cha maji. Mtoto akalia jikoni. Nimegeuka tu, baba, nimegeuka tu."

"Mwenyewe anajua?"

"Amelala. Uchovu wa safari."

Fikirini alipapasa ukingo. Upande mmoja palikuwa pamekauka na kukakamaa, panamomonyoka chini ya kidole. Dawa ilikuwa moja: kupunguza ukingo mzima, kuzunguka pande zote, mpaka pale palipoungua paondoke. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini, na zamani angeikubali huku anapiga soga.

Lakini tangu Ramadhani iliyopita jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu, na la kulia likawa linafuata. Barakashea alizishona kwa vidole, vidole vilijua njia. Pama alizikwepa. Huyu alimwambia kalibu, kile kichwa cha mti cha kuvikia kofia, imepasuka, yule alimwelekeza kwa Uledi, fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Hakumwambia mtu sababu, hata mkewe.

"Nenda kwa Uledi, mwanangu. Ana mkono mzuri."

"Nilianza kumpigia yeye. Yuko Magomeni, na njiani hapo Jangwani maji yamefunika barabara. Hapiti mtu." Klara alishika ukuta. "Baba, miaka sita nimeolewa kwenye nyumba ile. Yule mzee hajawahi kunisema vibaya, na hajawahi kunisema vizuri. Nisaidie."

Hapo Fikirini angeweza kusema ukweli. Hakuusema. Akaichukua pama, akaivika kwenye kalibu.

Kifaa chake cha kukatia alikichonga mwenyewe: kibao cha mninga kilichopinda kufuata duara la kofia, chenye mapengo ya kuchomeka wembe. Ukikiegemeza kibao kwenye kichwa cha pama na kukizungusha bila kukibandua, wembe unakata upana uleule mwanzo hadi mwisho. Alipima, akatia alama ya chaki, akachomeka wembe kwenye pengo la vidole viwili na nusu. Klara alisimama kando, simu mkononi, macho kwenye wembe.

Sufu ikaanza kuachia. Utepe mwembamba wa kijivu ukaning'inia. Alikata robo ya duara, ikatoka safi. Akakaribia palipoungua, akataka kuhakikisha chaki iko wapi. Akaona mistari miwili. Akainama, akakodoa, mistari ikabaki miwili, inacheza. Bila kufikiri akakiinua kibao kidogo ili aone vizuri, mkono wa pili ukaendelea kusukuma.

Alisikia kabla ya kuona. Wembe uliingia ndani, nusu nzima ya kidole.

"Umefanya nini?" Klara aliuliza.

Fikirini aliweka kidole juu ya kosa lile.

"Fundi, nimekuuliza. Umefanya nini?"

"Sioni," alisema. "Binti, mimi macho yangu hayaoni vizuri. Yapata mwaka sasa."

Klara alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Ukashika wembe? Ukanitazama usoni hivi, ukashika wembe?"

"Ndiyo."

Simu ililia. Klara alisoma jina, akaikata. Ikalia tena. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tano.

"Sikiliza," Fikirini alisema. "Nikikata kote kufuata kosa hili, kitabaki kijikofia cha mzaha. Ila macho siyo yanayoongoza kibao hiki. Nimekosea nilipoyategemea. Wewe shika kalibu, uizungushe taratibu kama chapati kikaangoni, usikimbize, usisimame. Mimi nakandamiza kibao, sikiinui tena mpaka mwisho. Hapa palipoliwa tutapalainisha kwa msasa, ukingo uingie ndani polepole. Upande huu utakuwa mwembamba kidogo. Sikudanganyi, utakuwa mwembamba."

Klara alifuta mikono kwenye kanga. Akashika kalibu. Akazungusha.

Fikirini alifumba macho kabisa. Alisikia mti ukisugua sufu, pumzi za yule mwanamke, mvua kwenye mabati. Mara moja kalibu ilisita, naye akanong'ona, "Twende, twende," ikaenda. Walipomaliza duara, kipande kilichokatwa kilidondoka chini, na wote wawili hawakukiangalia. Alipiga msasa, akaunyoosha ukingo kwa kitambaa chenye maji na pasi ya mkaa.

Simu ililia mara ya tatu. Safari hii Klara aliipokea.

"Shikamoo baba... Ndiyo, ninayo mimi... Baba, nimeiunguza. Nimeiunguza na pasi, nimeileta kwa fundi, imekatwa." Alisikiliza, kichwa kimeinama. "Sawa, baba." Akakata simu.

"Anasemaje?"

"Kasema niilete." Akaitia kofia kapuni, akaingia mvuani.

Siku mbili Fikirini hakula vizuri. Jumatatu mvua ikiwa imekatika, mzee mrefu alisimama mbele ya baraza, pama kichwani. Hakubisha hodi. Aliivua, akaiweka juu ya meza, akapitisha kidole kwenye ukingo mpaka pale palipoliwa.

"Nani kakata hapa?"

"Mimi, mzee mwenzangu. Mkweo hana kosa, kosa hilo ni langu. Nilikata nami sioni."

"Ameshaniambia." Mzee Augustino alivuta benchi, akakaa. "Nje ya kanisa nilisimama upande wa ukuta, huku kwembamba kusionekane. Kwenye picha vilevile. Nilikuwa na hasira mpaka nikashindwa kumwombea mwanangu dua iliyonyooka."

"Nisamehe."

"Ngoja, sijamaliza. Mimi nilikuwa dereva wa lori. Miaka miwili ya mwisho barabara ya Songea niliiendesha kwa kukariri. Usiku sioni, nasema taa mbovu. Mchana sioni, nasema vumbi. Siku moja karibu na Makambako utingo wangu akapiga kelele, nikakanyaga breki. Mbele ya boneti amesimama mama na mzigo wa kuni. Angeweza kunigusa taa kwa mkono. Yule mama hakunitukana. Alikuwa anatetemeka tu. Mpaka leo namwona yeye vizuri kuliko ninavyokuona wewe."

Fikirini aliisogeza pama karibu na mwenyewe.

"Wewe umekata kofia," Mzee Augustino alisema, akainuka. "Shukuru ni kofia." Akaivaa, akaagana naye kwa mkono, akashika njia ya Gerezani.

Mchana ule Fikirini alifunga mapema, akaenda nyumbani, akamkuta mkewe anachambua mchele.

"Najma, nina jambo. Macho yangu..."

"Baba Sitara," Najma alisema bila kuinua uso, "sindano unazokwenda nazo kila asubuhi zikiwa na uzi tayari, ulidhani anazitunga nani? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nimengoja mpaka nimeanza kukuchukia."

Kesho yake walikwenda hospitali wote wawili. Daktari alimulika kwa kurunzi ndogo, akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kushoto litangulie. Wakampa tarehe ya upasuaji, wiki tatu mbele, na karatasi ya maelezo. Kwenye benchi la nje Fikirini alimwomba Najma amsomee karatasi ile. Alimsomea. Akamwomba tena, polepole zaidi, hasa pale palipoandikwa watakavyolifungua jicho, na Najma akasoma huku amemshika kiwiko.