Jenereta Chini ya Dirisha la Mgonjwa

Jina langu lifichwe tafadhali, na majina ya humu ndani nimeyabadili, maana Ifakara hii tunajuana mpaka kuku. Nina miaka arobaini na moja, ni mama wa watoto wanne, na nimechoka. Sisi ni Wasukuma, tulihamia bonde hili na ng'ombe wetu, sasa tunalima mpunga.

Mwaka juzi mume wangu aliuza madume mawili akanunua jenereta, maana umeme wa hapa ukikatika hurudi unapojisikia. Siku ileile majirani wakaja kutujulia hali, macho yote kwenye taa. Mume wangu akawaambia wavute waya. Tukaliweka nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba chetu, kwa sababu hapo ndipo waya za wote zinafika. Mafuta tunachanga, sina ugomvi na hilo.

Tabu ni kifua cha mume wangu. Ana pumu, na mwaka huu imezidi. Daktari aliniambia waziwazi, "Mama, huo moshi utamuua." Nikaenda kwa Mama Zuhura, jirani yetu mwenye duka, ambaye friji lake la soda linategemea jenereta letu. Nikamwambia nataka kulihamishia upande wa barabarani.

"Jamani, waya wangu hautafika," akasema. "Vumilia kidogo shoga yangu, Baba Zuhura akienda Morogoro ataleta mrefu."

Wengine nao wakajibu hivyohivyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wakati ule tulikuwa tunapanda mpunga, sasa tunavuna, na waya mrefu sijauona.

Mama Zuhura simchukii, na hapo ndipo ninapokwama. Tulipofika hapa hatuna pa kulala, watoto wanatetemeka kwa homa, yeye ndiye aliyetupa chumba. Mume wangu hasahau.

Juzi umeme ulikatika jioni, nikagoma kuwasha. Haukupita muda, Mama Zuhura huyo uani na chupa ya petroli.

"Mama Masanja, mmeishiwa mafuta? Nimewaletea."

Mume wangu akaita kutoka kitandani, pumzi zinamkatika, "Mke wangu, washa. Watu wako gizani."

Nikavuta kamba ya jenereta huku nalia. Nikakimbilia ndani kufunga dirisha, na joto la huku mnalijua. Alikohoa mpaka ikabidi nimkalishe nimwegemeze kifuani kwangu.

Nikizima, namwaibisha mbele ya watu waliotupokea. Nikiwasha, namuua kwa mkono wangu. Wasomaji wenzangu, mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nishaurini. Gazeti huku hutufikia limechelewa, lakini mimi nitasubiri. Sijui kama kifua chake kitasubiri.